Fimbo, Mbwa Mwitu na Kitabu: Historia ya Wazo la Utawala katika Vitabu vya Kumlea Mbwa, 1910–2022

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza historia ya wazo moja katika vitabu vinavyomfundisha msomaji kumwelewa na kumlea mbwa wa nyumbani. Wazo hilo ni kwamba mbwa, hata awe mdogo kiasi cha kubebwa kapuni, moyoni bado ni mbwa mwitu. Kwamba mbwa mwitu huishi katika kundi lenye mtawala anayeshika cheo chake kwa mabavu. Na kwamba, kwa sababu hiyo, mtu anayefuga mbwa hana budi kuwa mtawala huyo, la sivyo mbwa atamtawala yeye. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 20, wazo hili lilichapishwa Ulaya na Marekani kama jambo lililothibitishwa na sayansi. Baadaye watafiti wengi wa tabia za wanyama walilikataa, na mmoja wa waliolieneza zaidi amelikana hadharani.

Maelezo ya kawaida ya kisa hiki husema kwamba wanasayansi walikosea, waandishi wa vitabu vya malezi wakawafuata, kisha wanasayansi wakajisahihisha. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanapindua mfuatano wa matukio. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba desturi ya kumtiisha mbwa kwa nguvu, pamoja na lugha ya cheo na utawala iliyoihalalisha, ilikuwa imekwisha kuandikwa vitabuni miongo kadhaa kabla ya utafiti wa mbwa mwitu. Utafiti ulipokuja, uliitwa kama shahidi baada ya hukumu kutolewa. Ndiyo maana shahidi alipoukana ushahidi wake, hukumu haikufutwa mara moja. Jambo hili si la wanazuoni peke yao: mbwa anayebinuliwa chali na kukandamizwa kooni ili ajue nani mkubwa huweza kuuma, na anayeumwa mara nyingi ni mtu wa nyumba ile ile.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji kuwekwa wazi. Katika Kiswahili, mbwa mwitu wanatajwa kwa maana mbili. Kwa mkazi wa Mikumi au Serengeti, mbwa mwitu ni mnyama mwenye madoadoa na masikio ya duara, Lycaon pictus, ambaye si mzazi wa mbwa wa nyumbani. Kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili, mbwa mwitu ni yule anayekuja akiwa amevaa ngozi ya kondoo, yaani Canis lupus wa nchi za kaskazini. Ni huyu wa pili anayehusika na insha hii, na ndiye ambaye mbwa wa nyumbani ametokana naye. Mgongano huo wa majina unaonyesha pia jinsi mnyama aliyetumiwa kama kipimo cha mbwa wote duniani alivyo mgeni kwa sehemu kubwa ya dunia.

Vitabu kuhusu mbwa ni vya kale. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 K.K., aliandika juu ya mbwa wa kuwindia. Gaston Phébus, kabaila wa kusini mwa Ufaransa, alianza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387, na humo alieleza jinsi banda la mbwa linavyopaswa kutunzwa na mbwa wagonjwa wanavyotibiwa. John Caius, tabibu Mwingereza, alichapisha maelezo ya mbwa wa Uingereza kwa Kilatini mwaka 1570. Huko Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alikusanya masimulizi na mashairi katika kitabu kizima cha kuwasifu mbwa kwa uaminifu unaowashinda wanadamu wengi. Kitabu hicho kinafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba fasihi ya Kiarabu ilimjua mbwa kwa najisi tu. Katika maandishi hayo mbwa ana kazi, ana magonjwa, ana sifa. Malezi yake hayajajengwa juu ya hofu kwamba anapanga kuipindua serikali ya nyumba. Hofu hiyo ina tarehe ya karibu zaidi.

2.0 Kituo cha Polisi kabla ya Bustani ya Wanyama

Mwaka 1906 ofisa wa polisi aitwaye Konrad Most alianza kuwafundisha mbwa wa polisi mjini Saarbrücken, Ujerumani. Mwaka 1910 alichapisha kitabu chake, Abrichtung des Hundes, ambacho kiliendelea kusomwa kwa miongo mingi na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1954. Ingekuwa kosa kukisoma kama kitabu cha ukatili mtupu. Most alifahamu kwamba mbwa hajui maadili ya wanadamu, kwamba hajifunzi kwa kuelezwa bali kwa matokeo yanayofuata tendo lake papo hapo, na kwamba ishara inayotangulia zawadi hupata nguvu ya zawadi yenyewe. Mambo hayo aliyaandika miaka mingi kabla saikolojia ya Marekani haijayapa majina yanayotumika leo. Kwa upande huo alikuwa mbele ya wakati wake.

Kwa upande mwingine alikuwa mtu wa wakati wake hasa. Most alishikilia kwamba uhusiano wa mtu na mbwa, kama ule wa mbwa kwa mbwa ndani ya kundi, ni uhusiano wa vyeo, na kwamba vyeo hivyo huwekwa kwa nguvu za mwili. Mbwa akipinga, pambano lazima liishe kwa ushindi wa mwanadamu, tena ushindi usio na shaka. Hapakuwa na utafiti wa mbwa mwitu nyuma ya kauli hiyo. Nyuma yake palikuwa na Ujerumani ya Kaisari, taasisi ya polisi yenye ngazi za amri, na mnyama aliyehitajika kumkamata mtuhumiwa na kumwachia kwa neno moja. Mbwa wa Most alikuwa askari, na askari hupangwa kwa vyeo.

Kilichokuja baadaye ni kuhama kwa elimu hiyo kutoka kituoni kwenda sebuleni. Vita viwili vya dunia viliongeza mno idadi ya mbwa waliofundishwa na majeshi, na baada ya vita wakufunzi walirudi uraiani na ujuzi wao. Nchini Marekani mfano ulio wazi ni William Koehler, aliyefundisha mbwa wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akafanya kazi ya kufundisha wanyama wa filamu kwa Walt Disney. Kitabu chake, The Koehler Method of Dog Training, kilitoka mwaka 1962 na kuuzwa kwa wingi. Mbwa anayechimba bustani, kwa mujibu wa kitabu hicho, arudishwe kwenye shimo alilochimba, shimo lijazwe maji, na kichwa chake kizamishwe humo. Koehler hakuhitaji mbwa mwitu ili kulitetea shauri hilo. Alitegemea matokeo: alikuwa amewafundisha maelfu, nao walitii.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, hadi kufikia hatua hii wazo la cheo na mabavu lilisimama kwa miguu yake yenyewe, yaani kwa uzoefu wa askari. Pili, msomaji alikuwa amebadilika. Polisi wa Saarbrücken alikuwa na mbwa mmoja wa kazi, muda wa kutosha, na mkufunzi wa kumsimamia. Mama au baba wa nyumbani mwaka 1962 alikuwa na watoto, mbwa wa kuchezea, na kitabu tu. Shauri lile lile lilipohamia kwa msomaji wa pili halikubaki shauri lile lile.

3.0 Kutoka Basel hadi New Skete

Shahidi wa kisayansi alikuwa anaandaliwa mahali pengine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa amewatazama kuku tangu utotoni, alieleza mpangilio wa kudonoana: katika banda la kuku kila mmoja anamjua anayeweza kumdonoa na anayemdonoa yeye. Yeyote aliyefuga kuku wa kienyeji anafahamu jambo hilo, lakini lilikuwa halijaandikwa kwa utaratibu. Tangu hapo watafiti walianza kutafuta ngazi ya aina hiyo kila walipowaona wanyama wakiishi pamoja.

Mswisi Rudolf Schenkel aliitafuta kwa mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel. Makala yake ya mwaka 1947 ni kazi ya uangalifu mkubwa. Maelezo yake ya mkao wa mkia, masikio na midomo yangali yanathaminiwa. Humo alieleza dume na jike wa kwanza wanaoshika nafasi zao kwa kuwadhibiti wenzao wa jinsia yao, na herufi ya kwanza ya Kigiriki, alfa, ikaanza safari yake ndefu. Tatizo halikuwa macho ya Schenkel, bali mahali alipotazama. Mbwa mwitu wa Basel walikuwa watu wazima waliofungiwa pamoja ndani ya uzio. Porini, kijana asiyeelewana na wakubwa huondoka. Basel hapakuwa na pa kwenda. Mtu angewaza kuandika historia ya ndoa za Waswahili kwa kuwachunguza wafungwa wa gereza moja. Angeweza kuandika mengi ya kweli, ila yasingekuwa juu ya ndoa.

Kutoka makala ya Kijerumani hadi vitabu vya wasomaji wa kawaida, kiungo muhimu alikuwa Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Vitabu vyake viwili, vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza kama King Solomon's Ring (1952) na Man Meets Dog (1954), viliandikwa kwa mapenzi makubwa ya wanyama na kwa ustadi wa msimulizi. Lorenz aliwafanya wasomaji waamini kwamba tabia ya mbwa wao inasomeka kupitia mababu wa porini. Alikosea juu ya mababu wenyewe, kwani alidhani mbwa wengi wametokana na bweha, dhana aliyoiacha baadaye. Alieleza pia kwamba mbwa mwitu anayeshindwa hutoa shingo yake, na mshindi huzuiwa na silika asiume. Mwaka 1967 Schenkel mwenyewe alipinga ufafanuzi huo. Unyenyekeo, alionyesha, ni tendo la mdogo anayetafuta kukubaliwa, lenye mizizi katika namna watoto wanavyomkaribia mzazi kuomba chakula. Makala hiyo ina umuhimu wa pekee katika historia hii. Mtu aliyetajwa kama chimbuko la nadharia ya alfa alikwisha kusema, miaka 11 kabla ya kitabu maarufu kuliko vyote vilivyoitumia, kwamba unyenyekeo hutolewa na mdogo mwenyewe. Waandishi wa vitabu vya malezi walichukua makala ya 1947, wakaiacha ya 1967.

Mwaka 1970 Mmarekani L. David Mech alichapisha The Wolf, kitabu kilichokusanya takriban yote yaliyojulikana juu ya mnyama huyo, pamoja na ngazi ya alfa. Kilikuwa kitabu cha uhifadhi, wakati mbwa mwitu walikuwa wamekaribia kumalizwa katika majimbo mengi ya Marekani, na hakikuwa na nia ya kumwelekeza mfugaji yeyote. Lakini kilisomeka vizuri, kiliuzwa sana, na kilikuwa na mamlaka. Kuanzia hapo mkufunzi wa mbwa aliyetaka sayansi alijua pa kuipata.

Waliofanya hivyo kwa mafanikio makubwa walikuwa watawa. Watawa wa New Skete, karibu na Cambridge katika jimbo la New York, walijipatia riziki kwa kuzalisha na kufundisha mbwa wa aina ya German Shepherd. Mwaka 1978 walichapisha How to Be Your Dog's Best Friend. Humo walipendekeza, kwa makosa mazito, kitendo cha kumkamata mbwa, kumbinua chali na kumkandamiza huku wakimkazia macho, wakisema kwamba ndivyo alfa anavyowaadhibu walio chini yake.

Kitabu hiki kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko cha Koehler, kwa sababu ni kitabu cha upole. Kinazungumzia ukimya, subira, na mbwa kama kiumbe anayemfunza mwanadamu kujitambua. Msomaji aliyechukizwa na shimo la maji la Koehler asingechukizwa na watawa. Hapa ndipo mbwa mwitu alipofanya kazi yake kubwa: aliifanya nguvu ionekane si nguvu. Polisi alimshinda mbwa kwa kuwa alihitaji mtumishi. Mtawa alimbinua kwa kuwa aliamini anazungumza naye kwa lugha ya mama yake. Adhabu ilibadilika kuwa mawasiliano. Ni vigumu kuacha desturi ambayo mtu anaitenda kwa upendo.

Baada ya hapo wazo lilisambaa bila kuhitaji utetezi. Kanuni ndogo ndogo ziliongezwa: mtu ale kabla ya mbwa, apite mlangoni kwanza, asimruhusu mbwa kulala mahali palipoinuka. Televisheni ilichangia. Kipindi cha Dog Whisperer, kilichoanza mwaka 2004, na kitabu cha Cesar's Way cha mwaka 2006, vilimfikishia mtazamaji wa kawaida picha ya kiongozi wa kundi kwa upana ambao kitabu peke yake kisingeweza.

4.0 Pomboo na Mbwa wa Kongo

Si kweli kwamba hapakuwa na vitabu vingine. Mwaka 1965 John Paul Scott na John L. Fuller walitoa matokeo ya utafiti wa miaka mingi uliofanyika Bar Harbor, Maine, juu ya mbwa wa aina tano. Mmoja wao alikuwa basenji, mbwa wa vijiji vya Kongo aliyefikishwa Uingereza katika miaka ya 1930, mwenye jina ambalo msomaji wa Kiswahili atasikia ndani yake neno washenzi. Watoto wa basenji walikuwa waoga na wakali kwa watu katika wiki ya tano, lakini wakishikwashikwa na kuzoeshwa, walitulia haraka. Kwa jumla utafiti ulionyesha kwamba kipindi cha kati ya wiki ya 3 na ya 12 ndicho kinachoamua kwa kiasi kikubwa kama mbwa atawaona wanadamu kuwa jamaa au maadui. Funzo la malezi lililomo humo ni kubwa: tabia ya mbwa hujengwa mapema kwa mazoea, wala haisubiri pambano la kuamua nani mshindi.

Msingi wa pili ulitoka baharini. Karen Pryor alifundisha pomboo katika Sea Life Park, Hawaii, katika miaka ya 1960, akitumia kanuni za kujifunza zilizoendelezwa na B. F. Skinner na wanafunzi wake. Pomboo hafungwi mnyororo wala hapigwi. Akikasirika huogelea hadi upande wa pili wa bwawa, na kazi ya siku hiyo imekwisha. Mkufunzi hubaki na kipyenga na ndoo ya samaki. Kitabu cha Pryor cha mwaka 1984, Don't Shoot the Dog, kilipeleka mbinu hiyo kwa wenye mbwa, na katika miaka ya 1990 kidude kidogo cha kubonyeza kilichochukua nafasi ya kipyenga kilienea katika madarasa ya mbwa. Yafaa kuona kwamba mageuzi haya hayakuanzia katika huruma. Yalianzia kwa mnyama ambaye haiwezekani kumlazimisha, kisha yakarudi kwa yule ambaye alikuwa amelazimishwa kwa sababu tu inawezekana.

5.0 Pemba

Swali ambalo vitabu hivi vyote viliacha ni jepesi: kwa nini kumwelewa mbwa kwa kumtazama mbwa mwitu, na si kwa kumtazama mbwa? Raymond na Lorna Coppinger, katika Dogs, kitabu cha mwaka 2001, walilijibu kwa kuwatazama mbwa wa vijijini, na mahali walipopatumia kama mfano mkuu ni kisiwa cha Pemba. Huko waliona mbwa wasiofungwa, wasiozalishwa kwa kuchaguliwa na mtu, wanaojitafutia kando ya makazi na majalalani. Hawa ndio ambao Kiswahili kimewaita mbwa koko kwa dharau. Kwa akina Coppinger, hao si mbwa walioharibika bali ndio mbwa wa kawaida, na mbwa wa sebuleni ndiye wa pekee. Katika kitabu chao cha baadaye, What Is a Dog? (2016), walikadiria kwamba mbwa wa kufugwa majumbani duniani hawafiki milioni 200, na kwamba wanaojitegemea ni mara nne ya hao.

Athari ya hoja hii kwa wazo la utawala ilikuwa kubwa. Mbwa koko hawindi kwa kundi kama mbwa mwitu, wala hahitaji kundi ili kuishi; jalala halihitaji jemadari. Kama mbwa alijitokeza kwa kuzoea kula karibu na watu, basi sifa iliyomfanya kuwa mbwa ni uwezo wa kustahimili kuwa karibu nao. Hamu ya kupanda cheo haina nafasi katika maelezo hayo.

Hata hivyo, matumizi ya Pemba katika kitabu hicho hayawezi kupita bila kuhojiwa. Waandishi walikichukulia kisiwa hicho kama kijiji cha zama za kabla ya kilimo kilichosalia hadi leo, dirisha la kuchungulia jinsi mbwa wa kwanza alivyotokea. Pemba si dirisha la namna hiyo. Ni kisiwa chenye magofu ya miji ya kale kama Ras Mkumbuu, kilichofanya biashara katika Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na kilichogeuzwa kuwa shamba la karafuu katika karne ya 19, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja. Umbali baina ya Mpemba na mbwa una historia ya fiqhi, ya makazi na ya mashamba; haukusalia kutoka enzi ya mawe. Zaidi ya hayo, visiwani hawakukosekana wasasi wanaowinda nguruwe mwitu kwa mbwa, ambao uhusiano wao na wanyama hao haumo katika picha ya jalala. Akina Coppinger walimwokoa mbwa asisomwe kama mbwa mwitu, lakini wakamsoma Mpemba kama babu.

Ushahidi wa akiolojia nao unapunguza uzito wa jalala. Kaburi lililogunduliwa mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na Bonn, lina mabaki ya mbwa mchanga aliyezikwa pamoja na watu yapata miaka 14,000 iliyopita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwenye meno yake dalili za ugonjwa wa distempa, ambao asingeuvuka kwa majuma aliyoishi bila kutunzwa. Hakuwa na kazi yoyote ya kufanya akiwa katika hali ile. Mtu alimlisha na kumsafisha, miaka elfu nyingi kabla ya kitabu chochote kumwambia afanye hivyo.

6.0 Masahihisho na Mipaka Yake

Mech ndiye aliyelivunja wazo la alfa kutoka ndani. Kuanzia mwaka 1986 alitumia majira ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako mbwa mwitu hawakuwaogopa watu na waliweza kutazamwa kwa karibu. Makala yake ya mwaka 1999 ilieleza alichokiona: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti. Watoto hukua, huondoka, hutafuta wenza. Hakuna anayepigania ualfa, kwani kumwita mzazi wa mbwa mwitu alfa ni sawa na kumwita hivyo mzazi wa binadamu. Neno hilo, alishauri, liachwe kwa makundi yenye familia zaidi ya moja inayozaa na kwa mazingira ya kufungiwa.

Upande wa malezi, watawa wa New Skete waliondoa kitendo cha kumbinua mbwa katika toleo la pili la kitabu chao, mwaka 2002, na kusema wazi kwamba hawakipendekezi tena. Hilo ni jambo adimu katika vitabu vya aina hii, ambavyo kwa desturi huongeza kurasa bila kufuta. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia kilitoa tamko dhidi ya kutumia nadharia ya utawala kama msingi wa kurekebisha mbwa. Mwaka uliofuata, Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 walioleta wanyama wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliokuwa wamempiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 waliripoti kwamba mbwa alijibu kwa ukali. Kwa waliombinua chali, asilimia 31. Kwa waliomkazia macho tu, asilimia 30. Takwimu hizo ni za mbwa waliokuwa tayari na matatizo, na hazipaswi kupanuliwa hadi kwa mbwa wote. Lakini hao hasa ndio mbwa ambao vitabu vya utawala vilidai kuwatibu.

Pamoja na hayo yote, msamiati wa alfa haukutoweka. Sababu moja ni ya kibiashara na inaeleweka: nakala za toleo la 1978 hazikurudi kwa mchapishaji toleo la 2002 lilipotoka. Ziko katika maktaba na maduka ya vitabu vikuukuu, na anayezifungua hakutani na onyo lolote. Sababu ya pili ni ile iliyotajwa mwanzoni. Waliosahihishwa na makala ya 1999 ni wale ambao imani yao ilitegemea mbwa mwitu. Wale ambao imani yao ilitoka kwa Most na Koehler, yaani kwa mbwa aliyelala chini akatii, hawakuwa na kitu cha kusahihishwa. Kwao mbwa mwitu alikuwa pambo, na pambo likiondolewa ukuta hubaki. Ndiyo maana kazi kama ile ya John Bradshaw ya mwaka 2011, In Defence of Dogs, haikutosheka kueleza mbwa mwitu halisi alivyo. Ililazimika kueleza upya kwa nini mbwa aliyepigwa hutulia, na kwamba mnyama aliyeacha kutenda kwa hofu hajawa mnyama aliyeelewa.

Mech aliishi na kitabu chake cha 1970 kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kwa miaka mingi alimwomba mchapishaji aache kukichapa, kwa kuwa sehemu ya alfa ilikuwa imepitwa na wakati, huku kitabu kikiendelea kupata wanunuzi. Uchapishaji ulisitishwa mwaka 2022, miaka 23 baada ya makala iliyokikana.